Mradi wa Ntoto Chini ya Jina Moja

Kwa mara nyingine chombo kilisema kazi imekwisha salama, na kwa mara nyingine kilikuwa kimesema uongo. Elodie aliitazama ile alama ya kijani kwenye skrini, akasonya. Faili zote za mradi wa Ntoto zilikuwa zimefika. Mazungumzo yalifika, tarehe zilifika, hata picha ya mbuzi ambayo mtu aliiweka humo kwa mzaha ilifika. Lakini kila badiliko, la kwanza hadi la mwisho, lilidai limefanywa na mtu mmoja: Akilimali.

Na Papa Akilimali, kama mnataka kujua, hajawahi kuandika mstari wa programu tangu mama yake amzae.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Elodie pale Hombo, katika chumba cha nyuma ya duka la dawa, chini ya bati lenye paneli za sola. Waandishi wa programu huweka kazi yao mahali pa pamoja kwenye mtandao, wapate kusahihishana. Sasa jukwaa moja la zamani lilikuwa linafungwa, na watu walikuwa wanahamia jingine. Elodie na wenzake wawili walioko nchi za mbali ndio waliotengeneza chombo cha kuhamishia miradi, na ndio waliokitunza. Mtu anabonyeza, anasubiri, na kila alichokuwa nacho kule kinamfuata huku: maandishi, historia ya mabadiliko, na jina la aliyefanya kila badiliko.

Watu wa Kivu hawahitaji kufundishwa kuhama. Wanajua kwamba sufuria hufika, godoro hufika nusu, na kile ulichokitaka hasa ndicho kinachobaki. Ila watumiaji wa Elodie walitaka vyote, tena kabla ya chai. Asubuhi ile mmoja alilalamika kwamba chombo kinatambaa kama konokono, kumbe amejaza video za harusi ya dada yake ndani ya mradi. Mwingine alifoka kwa herufi kubwa kwamba vikatuni vyake vya kucheka vimepotea. Chombo kikifanya kazi hakuna anayekumbuka kuna mtu nyuma yake, kikikwama wote wanamjua jina. Elodie alimjibu kila mmoja kwa adabu, akainuka, akaizunguka meza, akaketi tena.

Malalamiko ya Zéphyrin hayakuja kwa maandishi. Yalikuja kwa sauti, kwenye simu, yamechanganyika na pumzi ya mtu anayepanda mlima. Zéphyrin ndiye aliyeandika karibu mradi wote wa Ntoto, programu ya kuhesabu dawa za vituo vya afya, ili muuguzi ajue dawa kama kinini itaisha lini kabla haijaisha. Vita vilipomtoa kijijini Ntoto alivuka milima hadi Rubaya, na huko akawa anabeba magunia ya madini ya koltani mgongoni, yeye na vidole vyake vile vya kuandika. Sasa kampuni moja ya Kisangani ilikuwa inatafuta fundi. Ilimwambia kwamba kesho asubuhi itaufungua ukurasa wake ione amefanya nini.

"Elodie, dada yangu," sauti ilisema. "Nimefungua ukurasa wangu. Iko wazi, hakuna kitu. Kesho bataangalia. Kama hakuna kitu, basi nabakia ku kilima, njo vile."

Elodie alisikiliza mara mbili. Hasira ilimpanda, na hakuona wa kumkasirikia ila chombo chake mwenyewe.

Kosa lilikuwa hili, na wenzake wa mbali hawakulielewa hata alipowaeleza. Chombo kilimtambua mtu kwa anwani yake ya barua pepe. Lakini kituo cha kompyuta cha Ntoto kilianzishwa na Papa Akilimali, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwenye foni, ile redio ya kuitana kutoka kijiji hadi kijiji, na kwenye foni kijiji kizima huitwa kwa jina moja. Papa akaiendesha kompyuta kama alivyoiendesha foni. Mashine moja, anwani moja, nayo yake. Vijana wote wakaandikia humo. Mwenzake mmoja aliuliza kwa nini kila kijana hakujifungulia anwani, maana ni bure. Elodie alianza kumjibu, akafuta. Aliona ni kutwanga maji kwenye kinu.

Dawa lakini ilikuwepo. Kwa amri ya Papa, kila kijana alianza ujumbe wake kwa kujitaja, na kuumaliza kwa neno la foni la kufunga mazungumzo: "Hapa Zéphyrin. Nimesahihisha hesabu ya kinini. Terminé." Elodie akaandika kanuni mpya, kwamba penye anwani moja ya watu wengi chombo kisome jina lililotajwa. Ilimla asubuhi nzima, mtandao ukikatika na kurudi kama mtu mwenye kwikwi. Kufika adhuhuri kanuni ikakubali. Kazi ya Zéphyrin ikajipanga kando, ya Falone kando, ya Gustave kando, kila moja ikimngoja mwenyewe. Kisha skrini ikaandika: Inasubiri idhini ya Akilimali.

Elodie akashika kichwa. Sharti lile alilitunga yeye. Aligombana na wenzake majuma mazima mpaka wakalikubali: kazi iliyo chini ya jina la mtu isihamishiwe kwa mwingine kabla huyo wa kwanza hajakubali kwa mkono wake. Alikuwa amewaona wajanja wengi wakijitwalia jasho la wenzao. Leo sharti limemgeukia mwenyewe. Angeweza kuliruka, kwani alikuwa na funguo zote, na mstari mmoja tu ungetosha. Aliuandika ule mstari. Akautazama. Akaona aibu, akaufuta, akampigia simu Papa, aliyehamia Hombo tangu vita, aje.

Papa Akilimali alikuja amevaa koti, na hapo ndipo penye tatizo. Tangu juma lililopita alikuwa mtu wa koti. Shirika moja la afya lililoipenda programu lilifungua ukurasa uliohamishwa, likaona jina lake kuanzia juu hadi chini, likamwalika Bukavu akapongezwe mbele ya watu. Padri alikwisha kutangaza kanisani. Mkewe, Mama Joséphine-Marie, alikwisha kushonesha kitenge. Elodie alimweleza yote polepole, kwa heshima, wala hakumficha habari za Rubaya.

Papa alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mutoto wangu," alisema, "nani alikuwa anawasha groupe kila asubuyi? Nani alikuwa anatafuta mazout? Na ile foni ya Ntoto, batu balikuwa banaita jina ya nani?"

"Jina ya weye, Papa."

"Basi njo vile. Miye sijaiba kitu. Mashine yenyewe njo ilisema."

Hapo Elodie alikereka kweli, kwa sababu mzee alikuwa na haki kiasi chake. Bila jenereta yake, ile groupe, na mazout ya kuinywesha, kule Ntoto kusingeandikwa hata herufi. Chombo kilikuwa na mahali pa mwandishi, na pa msahihishaji, na hata pa mtu aliyekuja kulalamika tu akaondoka. Mahali pa aliyewasha groupe hapakuwepo, na Elodie, aliyekijenga, hakuwahi kupafikiria.

Akambembeleza. Akamvika kilemba cha ukoka kidogo, kwamba yeye ndiye baba wa mafundi wote wa eneo la Walikale. Papa akakipokea kilemba, ombi akaliacha pale pale. Zéphyrin ni mtoto wake, alisema, na mtoto huja mwenyewe kumwomba baba yake. Elodie akamkumbusha kwamba kutoka Rubaya hadi Hombo siku hizi si njia ya kumtuma mtu unayempenda. Papa akatazama bati. Akauliza kama haiwezekani kungojea Bukavu ipite kwanza. Elodie akajibu kwamba kesho asubuhi ni kesho asubuhi, na sauti yake ikatoka kali kuliko inavyofaa mbele ya mzee. Akaomba radhi. Kwa kuchoka tu akamgeuzia mashine, akamwambia basi aisome mwenyewe, kama kazi ni yake.

Papa akavaa miwani. Hakuwa ameisoma historia ile hata siku moja. Zamani zile aliwasha jenereta, akakaa nje, akawaachia vijana mashine yao. Akaanza kusoma kwa sauti ya foni, akikaza kila neno lifike mbali. Hapa Falone, nimeongeza kituo cha afya kipya. Terminé. Hapa Gustave, nimeharibu, nirudishieni ya jana. Terminé. Papa akacheka, akasema Gustave hajabadilika. Hapa Zéphyrin, hapa Zéphyrin, na tena hapa Zéphyrin. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua, mpaka Elodie akalazimika kusogea ili amsikie.

Ujumbe wa mwisho aliusoma taratibu.

"Hapa Zéphyrin. Hesabu ya Hombo haiyaisha. Tunasikia masasi ya vita. Papa, kama uko karibu, unijibu. À vous."

Huu haukufungwa kwa terminé. Uliishia kwa neno ambalo kwenye foni humwachia mwenzako nafasi ya kusema. Chini yake palikuwa peupe.

Papa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akausoma upya kimoyomoyo.

"Ile siku nilikuwa nimekwisha kutoka," alisema. "Nilibeba groupe ku pikipiki, mashine ikabakia na batri tu. Nilizani batoto bananifuata."

Elodie hakujua jambo hilo. Hasira aliyokuja nayo tangu asubuhi ikakosa mahali pa kukaa. Nje mtu aligonga dirisha la duka akiuliza dawa ya minyoo, akajibiwa.

"Nafinya wapi?" Papa aliuliza.

Elodie alimwonyesha. Lakini kwa kuwa ndiye aliyelitunga sharti, alitaka mtu akubali akijua anachokubali. Akamwambia kwamba ukurasa wake utabaki mtupu, na kwamba watu wa Bukavu wataona.

"Sikia," Papa alisema. "Mama Joséphine-Marie atavaa kitenge yake ku misa. Haitapotea."

Akabonyeza kwa nguvu, kwa kidole kizima, kana kwamba kitufe kilikuwa na kutu. Chombo kikaanza. Mtandao wenyewe ni ule mnaoujua, kwa hiyo majina yalibadilika moja moja, kwa uvivu, Akilimali akiondoka na Zéphyrin akiingia, kisha yakasimama katikati ya ukurasa, kisha yakaendelea. Elodie alingojea furaha imjie. Kilichomjia kilikuwa uchovu, na hofu ndogo kwamba mtandao utakatika kabla ya mwisho, na chini ya hiyo, huruma kwa mzee wa koti iliyomkera kwa sababu hakuwa na chombo cha kuitengenezea.

Papa akauliza kama mtu anaweza kuandika chini ya maneno ya zamani namna ile, au yamefungwa.

Elodie alisema hayajafungwa.

Basi mzee akaivuta mashine karibu. Aliitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akikosea, akiuliza, akifuta, na Elodie, ambaye kwa kawaida hawezi kumtazama mtu akiandika polepole bila kumnyang'anya kibodi, aliikalia mikono yake. Mwisho yakasomeka: Hapa Akilimali. Nimekusikia. À vous.

Akatuma. Akavua koti, akalikunja magotini, akaisogelea mashine kwa sikio la kulia, akatulia. Elodie alitaka kumwambia kwamba huku majibu hayaji kwa sauti. Hakumwambia.