Mikono ya Kushoto

Mgeni alifungua mlango wa darasa langu bila kubisha. Aliingiza taa kwanza, kisha akaingia yeye. Taa ilikuwa ya mviringo kama sinia lililotoboka katikati, imesimama kwa miguu mitatu, na wanafunzi wangu arobaini na watatu wa Gredi ya Saba waliitazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata. Mgeni alinikagua kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, akasema nina uso wa kamera.

Ndivyo Peterson alivyofika shuleni kwetu Kamere. Alikuwa wa mradi fulani wenye ofisi mtaa wa Section 58, Nakuru, na hakuna aliyetuambia kwamba anakuja. Mwalimu mkuu, Bwana Kibii, alimfuata nyuma akifunga vifungo vya koti.

Wakati wa chai ya saa nne alitueleza shida yetu. Walimu tulikuwa tunapoteza muda kwa kufundisha. Kuanzia sasa tungejirekodi video, mtoto atazame somo nyumbani jioni, na kesho yake aje darasani kufanya mazoezi tu. Mpango huo aliuita darasa lililopinduliwa. Madam Wachuka, ambaye amefundisha miaka ishirini na sita na hana haraka na jambo lolote, alisema kwao kitu kikipinduka watu hukimbia kuokoa majeruhi.

Walimu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliamini. Niliona watoto wa Kamere, ambao wazazi wao huchuma maua kutwa nzima, wakirudia somo mara tatu, mara nne, mpaka liingie. Pia kulikuwa na jambo jingine, na sitalificha. Katika shule tano za kando ya ziwa, Peterson angechagua mwalimu mmoja akafanye kazi ofisini Nakuru, awe mkufunzi wa wenzake. Mkataba wangu wa mafunzo kazini ulikuwa unaisha Desemba, na baada ya Desemba sikuwa na chochote. Niliitaka kazi ile.

Tulirekodi wiki nzima katika stoo ya vitabu. Mwalimu Omolo wa Sayansi alitundika pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, akafundisha sehemu za ua mbele yake bila kushika ua hata moja, mahali ambapo maua ni mengi kuliko watu. Bwana Kibii alirekodi salamu za dakika tisa, akaishukuru ofisi ya mwalimu mkuu mara nne. Wachuka alisoma madokezo yake ya somo, pamoja na "nukta" na "aya mpya," bila kuinua macho.

Mimi nilisuka nywele. Nilisema, "Habari zenu, wapenzi wanafunzi," nikataja jina langu, Nangila, na digrii yangu, na chuo changu cha Njoro, na umuhimu wa mada, na faida za mada katika maisha ya kila siku. Hesabu yenyewe, kugawanya sehemu kwa sehemu, ilianza dakika ya saba. Video nzima ilikuwa dakika kumi na moja. Peterson alisifu tabasamu.

Kwa siku tatu video yangu ilitazamwa mara mia mbili na kumi na mbili. Bwana Kibii aliitangaza idadi hiyo kwenye paredi kama matokeo ya mtihani, na mimi nikatembea siku hiyo kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nilipoingia darasani nikauliza nani ameitazama. Mikono minne.

Nilikasirika. Niliwaambia nimejitolea, nimekesha, na wao hawathamini. Nilisema mambo ambayo nikiyakumbuka naona haya. Waliniacha nimalize, kisha Chelimo akasimama, msichana mrefu wa dawati la nyuma ambaye huuliza maswali kama anayeomba msamaha.

"Madam, mathe huenda na simu saa kumi na moja asubuhi," akasema, akimtaja mama yake. "Anaifungia kwa kabati ya geti huko kwa maua. Akirudi haina chaji."

Wengine wakapata ujasiri. Huyu kwao kuna simu ya mulika mwizi, inatoa sauti na tochi, basi. Yule baba yake ana simu nzuri lakini bando ni la Jumapili. Chelimo alikuwa amejaribu. Alienda kibanda cha kuchajia simu, akamwomba mwenyewe amfungulie video ya madam wake kwenye simu yake.

"Niliona mpaka pale unasema, sasa tuanze," akaniambia. "Halafu simu ikaita, akashika."

Nilimuuliza Wachuka basi ni nani waliotazama mara mia mbili na kumi na mbili. Akanishangaa. Kumbe kila mchana Bwana Kibii alikuwa akikusanya simu za walimu wengine, anazipanga mezani, na kuzichezesha zote pamoja, sauti imezimwa, huku yeye akila githeri. Nilikwenda kuhesabu mara nilizoitazama mwenyewe. Mimi peke yangu nilikuwa nimejitazama mara thelathini na moja.

Nilimpigia Peterson. Alinisikiliza vizuri sana. Alisema hiyo ni changamoto, na kwamba changamoto zina ukurasa wake mwishoni mwa ripoti. Kisha akanipa habari njema. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kutoka Nairobi Alhamisi, na darasa la kuonyeshwa ni langu.

Jumatano Bwana Kibii alikuja mwenyewe kulikumbusha darasa desturi ya shule. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mabati yetu. Siku ya wageni, mwalimu akiuliza swali, mikono yote hupanda. Anayejua jibu huinua wa kulia, asiyejua huinua wa kushoto. Mgeni huona msitu wa mikono, mwalimu huchagua wa kulia, na shule hupata sifa. Aliwafanyisha mazoezi mara sita. Alipotoka, Chelimo aliinua mkono.

"Madam, sisi wa kushoto tutasomeshwa lini?"

Nilikuwa tayari nimewakosea mara moja wiki hiyo. Nikawaambia kwamba kuanzia kesho, kila mkono wa kushoto nitakaouona, nitasimama na kuanza somo upya.

"Hata wageni wakiwa?"

"Hata wageni wakiwa," nikasema. Ni rahisi kuwa jasiri siku ya Jumatano.

Wageni walifika saa tano, watatu, wametoka moja kwa moja Nairobi. Mmoja alikuwa bado anatazama picha za mlima Longonot alizopiga barabarani. Walikuwa na dakika ishirini, maana hoteli ya kando ya ziwa ilikuwa inawangojea kwa chakula. Ofisi ya Bwana Kibii ni ndogo, kwa hiyo chai yao ilikuwa imeandaliwa nyuma ya darasa langu: chupa mbili, siagi, na mkate mzima bado kwenye karatasi yake. Peterson aliiwasha taa yake ingawa jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yote manne.

Aliwaeleza wageni kwamba somo lenyewe watoto wameshalitazama nyumbani, sasa wataona matunda yake. Akanipa ishara.

Niliandika ubaoni: nusu, gawanya kwa robo. Nikauliza jibu ni ngapi.

Mikono arobaini na mitatu ilipanda kwa mpigo. Wageni walinong'onezana kwa mshangao, na mmoja akapiga picha. Peterson akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia shamba lake, "Asilimia mia. Mnaona?"

Niliona. Sita ya kulia. Thelathini na saba ya kushoto.

Cheptoo, aliyeketi mbele kabisa kwa amri ya Bwana Kibii, alikuwa ameinua wa kulia, na jibu alikuwa amefundishwa tangu asubuhi. Nilichohitaji kusema ni jina lake tu. Angesema mbili, wageni wangepiga makofi, na Januari mimi ningekuwa Nakuru nikiwafundisha walimu wengine kutabasamu. Bwana Kibii alikuwa ananielekeza kwake kwa kidevu. Kule nyuma Chelimo alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kushoto hadi bega limemgusa sikio. Hakuutikisa. Alikuwa ananitazama tu, anangoja aone mimi ni mtu wa aina gani.

"Shusheni mikono," nikasema. "Tunaanza mwanzo."

Peterson alicheka kidogo. "Madam, si wameiona nyumbani?"

"Hawajaiona. Mimi ndiye nimeiona, mara thelathini na moja."

Nilitembea hadi nyuma ya darasa nikauchukua mkate. Bwana Kibii aliniambia kwa upole wa kutisha kwamba huo ni mkate wa wageni. Nikamwambia najua. Madam Wachuka, aliyekuwa amekuja kumimina chai, alinipa kisu, mpini ukielekea kwangu.

Niliukata mkate katikati, nusu moja nikaiweka kando. Ile nyingine nikaiinua juu. Nikawauliza, ukitaka kumpa kila mtu robo ya mkate, nusu hii itawatosha watu wangapi? Chelimo akasema, lakini madam, tukigawanya si inafaa jibu lipungue? Hilo ndilo swali ambalo video yangu, kwa dakika zake zote kumi na moja, haikulifikiria. Tukalishughulikia. Nilikata, wakahesabu, nikawaita mezani watano watano washike vipande kwa mikono yao, na wale waliorudi kwenye madawati wakaanza kubishana.

Dakika ishirini zilikwisha. Wageni waliaga kwa adabu, bila chai. Peterson aliizima taa, akaikunja miguu mmoja baada ya mwingine, akaniambia mlangoni kwamba amesikitika, alikuwa ameshaandika jina langu. Gari lao likaondoka. Bwana Kibii alibaki amesimama kwenye veranda, akiligeuzia gari mgongo na kunitazama mimi dirishani, na nikajua barua ya sifa atakayoniandikia Desemba itakuwa fupi.

Nikaigeukia kazi yangu. Niliuliza tena, nusu ina robo ngapi, na mikono ikapanda yote, kwa mazoea. Ya kulia sasa ilikuwa mingi, wa Chelimo ukiwamo. Karibu na dirisha ilibaki mitatu ya kushoto.

Kengele ya mapumziko ililia. Hakuna aliyeinuka. Nikachukua ile nusu niliyokuwa nimeiweka kando, nikaanza tena.