Mivengi ya Ikongwe

Filemoni Kihwele hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la chai, wala hakuwa na mtoto aliyekalia kiti cha ofisini. Hakuwa na meno ya mbele. Hakuwa na cheti cha shule, kwa sababu kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni lililofundishwa kwa taa ya chemli kwenye jengo la kanisa. Hakuwa na subira, na kwenye serikali ya kijiji hakuwa na rafiki hata mmoja. Yote hayo alikwisha kuyazoea. Lakini masika yale alikosa kitu kimoja kilichomkosesha raha: hakuwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Ulanzi wa nini, kwa mzee wa kanisa asiyekunywa pombe? Wa kupandia miti.

Chemchemi ya Ikongwe, iliyonywesha kijiji chote huko juu ya Ipogolo, ilikuwa inakufa. Filemoni aliikumbuka ilipokuwa imefunikwa na mivengi, ile miti ya asili yenye matunda ya zambarau, inayokaa na maji kwa amani. Mivengi ikakatwa kidogo kidogo, huyu kuni, yule boriti, mpaka bonde likabaki wazi kama kichwa cha mwenye kipara. Sasa serikali ya kijiji ilitaka kulikodisha kwa mtu wa mjini apande milingoti, ile mikaratusi ya nguzo za umeme. Mlingoti hukua haraka, na hukua kwa kunywa. Filemoni alisimama mkutanoni akasema mpaka mate yakamkauka, na mwisho wakampa masika moja.

"Panda hiyo mivengi yako," alisema Saulo, mtendaji wa kijiji. "Mvua zikikatika tukakuta imeshika, bonde linabaki la chemchemi. Isiposhika, mzee, usije ukanililia ofisini."

Miche aliipata Uyole kwenye bustani ya Mluteri mwenzake. Ikaja na lori la viazi mpaka Ipogolo, kisha ikapandishwa kijijini ikiwa kwenye viriba vyake vyeusi vya nailoni, kila mche na udongo wake, umesimama kama askari. Jumamosi ya kwanza akaita watu. Mkewe Yusta alichemsha sufuria kubwa la chai na magimbi ya kutosha kijiji. Walikuja wawili: Yusta mwenyewe na Devota, mjane wa jirani.

Aroni, mgema wa ulanzi, alipita na mbeta zake za kugemea begani akasimama kutazama.

"Kamwene, Mzee wa Kanisa. Huu ni mgowe wa chai?"

"Chai ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Hata sisi tunainywa, tukiugua."

"Nyie watu mtakuja kunywa vumbi."

"Tutalinywa na magimbi," alisema Aroni, akaenda zake akicheka.

Ndivyo ilivyo huko. Ukitaka watu wakulimie au wakujengee, unaitisha mgowe, na mgowe ni kinywaji. Watu hugawana mistari, na mstari unaomaliza kwanza ndio unaofungua ndoo. Filemoni mwenyewe aliing'oa mianzi yote ya baba yake mwaka aliosimikwa uzee wa kanisa, na kwa kitendo kile alijisifu miaka mingi. Lakini miche ilikuwa inazidi kurefuka ndani ya viriba, na mvua hazimsubiri mtu.

Yusta ndiye aliyempa njia. "Baba Benedicta, wape mtogwa. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni maji matamu tu, hata watoto wanakunywa. Mchungaji mwenyewe anakunywa."

Filemoni akakubali, akaiona ni hekima. Akamwagiza Aroni mtogwa mtupu, uliogemwa siku ile ile. Aroni akaitikia kwa heshima zote. Kisha akajaza ndoo nusu mtogwa, nusu mkangafu, ulanzi mkali uliolala siku mbili, kwa sababu, kama alivyokuja kusema baadaye, hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya watu. Filemoni hakuonja. Asiyekunywa ataonja nini?

Siku ya mgowe walikuja mpaka wale asiowajua. Ndoo zilipangwa ukingoni mwa bonde, zimefunikwa majani ya mgomba. Filemoni alipanda juu ya kichuguu, akainua mche mmoja, akachana kiriba kwa kisu, akakitoa, akauweka udongo shimoni taratibu.

"Mmeona? Kiriba kinatoka kwanza. Mzizi hautoboi nailoni."

"Tumeona!"

"Viriba mnikusanyie."

"Tutakusanya!"

Alikagua mashimo ya kwanza, akaridhika. Halafu Saulo akafika na wageni kutoka kata, na mmoja akauliza kama kuna risala. Risala ilikuwepo. Filemoni aliiandika kwa mkono wake na kuinakili upya kila alipoona mstari umepinda. Ilieleza kivuli, matunda, nyuki, mvua, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Akawapeleka wageni juu kwenye kivuli cha ghala, akavaa miwani, akasoma. Alisoma vizuri. Wageni walipiga makofi, na yeye, Mungu amsamehe, akarudia aya ya mwisho. Kutoka bondeni zilisikika kelele za mistari ikishindana, na akadhani ni furaha ya kupanda miti.

Aliposhuka, bonde lote lilikuwa limepandwa, mistari imenyooka, ndoo tupu, na watu wanaimba nyimbo ambazo hazimo kwenye kitabu cha kanisa.

"Viriba viko wapi?"

"Watoto wamechukua, wanatengenezea mipira," Aroni alisema huku akimshika bega. "Mnyalukolo, ndugu yangu, leo umetenda."

Naye akaamini. Jioni hiyo alikaa kwenye jiwe juu ya chemchemi akiangalia vijiti vyake vya kijani, na moyo wake ukawa mwepesi kama wa bwana harusi.

Mvua zilipokatika, majani ya mivengi yakaanza kukunjamana. Filemoni alilaumu jua, kisha mchwa, kisha mbuzi wa watu. Mwisho akashika mche mmoja uliokauka akauvuta, ukatoka bila kumbishia, umevaa kiriba chake. Ndani yake mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, ikitafuta mlango. Akavuta wa pili. Wa pili hivyo hivyo. Hakuvuta tena, akakaa chini.

Aroni aliitwa, akaja, akavua kofia.

"Nilisema mchane."

"Ulisema, mzee. Mstari wa kwanza tulichana. Halafu wenzetu wakatupita, na wao hawakuchana, na mtu ameshasikia ndoo inafunguliwa..."

"Nilisema mtogwa."

Aroni alitazama kofia yake. "Kwa mtogwa wasingekuja."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba lilikuwa kweli.

Yeye na Yusta walichimba, wakachana viriba ardhini, wakarudishia udongo, wakamwagilia. Lakini maji ya kumwagilia yalitoka Ikongwe ile ile, iliyokuwa imebaki mchirizi wa kukinga kwa bakuli. Wanawake waliopanga ndoo foleni walivumilia, kisha wakaacha kuvumilia.

"Baba, miti inywe, sisi tufe?" aliuliza Devota, na huyo ndiye aliyekuja siku ya chai. Filemoni akaweka ndoo chini. Ulibaki hai ule mstari mmoja wa kwanza kando ya jicho la maji, basi.

Saulo alikuja nyumbani mwenyewe. "Kabla bonde halijakodishwa, ofisi ya mjini inataka taarifa yako kwa maandishi. Andika imeshika. Nitagonga muhuri. Hakuna atakayepanda mlima kuja kuhesabu vijiti. Mwenye milingoti atasubiri mwaka."

"Andika, Baba Benedicta," Yusta alisema. "Uongo mmoja tu."

Filemoni alifikiri mpaka chai ikapoa. Akiandika imeshika, bonde litahesabiwa limepandwa, na mwakani akiomba miche ataambiwa, si mlishapanda? Akiandika imekufa, milingoti inakuja. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Akavaa miwani, akaandika kwamba miti imekufa, na kwamba haikuuawa na jua. Akaandika sababu, pamoja na jina lake. Akaomba ule mstari wa kando ya maji using'olewe. Saulo aliisoma akatikisa kichwa.

"Hapa chini hawatafika, mzee. Wataishia pale uliposema imekufa."

"Najua."

Gundi ya bahasha ilikuwa imeisha nguvu. Yusta akammegea ugali wa moto. Filemoni akaupaka, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika, akatembea hadi barabarani, na basi la kwenda mjini liliposimama akamkabidhi kondakta ile barua.