Siku Iliyokatwa Katikati

Pale uwanja mkuu wa Roma kila mtu alimjua Nebris, na Nebris alimjua kila mtu pamoja na mambo ya chumbani kwake. Aliuza dengu za moto mkabala na mahakama, na ukinunua bakuli moja ulipewa na habari: nani kaachwa na mkewe, nani kagombea cheo akaangushwa na kura za wauza vitunguu, seneta yupi anapaka masizi mvi zake. Lakini asubuhi ile sufuria lake lilikuwa baridi. Alikuwa amemshika mkono binti yake Venusta, mjakazi wa mzee Tuskenio, mwenye mimba iliyoshuka hadi wapita njia wakawa wanageuka kumtazama mara mbili.

"Shoga, huyu hafikishi hizo siku kumi," akanong'ona Petale, muuza samaki wa kukaanga, jirani yake wa biashara. "Mkunga wako kipofu?"

"Peleka nuksi yako huko."

"Mimi nimezaa saba. Tumbo likikaa hivyo, mgeni yuko mlangoni."

Na Nebris mwenyewe alikuwa ameliona.

Yeye mwenyewe alikuwa mjakazi wa Tuskenio, na miaka sita nyuma mzee alimwacha huru. Ila Venusta alikuwa amezaliwa mama yake akiwa bado mtumwa, na sheria ya Roma ilikuwa haina huruma wala utata: mtoto hufuata tumbo alimotoka. Mama akatoka kwenda zake, binti akabaki jikoni. Sasa binti naye alikuwa na tumbo, na baba wa mtoto, mpishi wa nyumba ileile, homa ilimchukua tangu kiangazi.

Jana yake jioni Tuskenio alirudi kutoka shambani, na Nebris akamkuta hata viatu hajavua.

"Nimetoa neno mara mbili, Nebris," mzee alisema. "Wewe nilikuahidi kumwacha huru Venusta. Binti yangu kule mbali Brundisio nilimwahidi, mbele ya miungu ya nyumba yangu, mtoto wa kwanza atakayezaliwa na watumwa wangu mwaka huu. Fimbo ya mahakama ya kuachia watumwa huru ikimgusa Venusta kabla hajajifungua, mtoto atazaliwa huru, na binti yangu atangoja mwingine. Mtoto akitangulia, ni wa binti yangu. Mimi sitamdanganya yeyote kati yenu."

"Basi twende sasa hivi, bwana!"

"Jua limezama. Kesho."

Na kesho yenyewe ikawa siku iliyokatwa katikati. Ziko mbili tu kwa mwaka, moja Machi, moja Mei. Tangu alfajiri mahakama hufungwa kwa ajili ya Mfalme wa Kafara. Warumi walikwisha wafukuza wafalme wao zamani, lakini miungu ilikuwa imezoea kuhudumiwa na mfalme, na hakuna aliyethubutu kwenda kuiambia. Basi wakamweka mzee mmoja, wakamwita Mfalme, asiye na amri hata kwa bawabu wake. Siku hiyo mzee huyo huchinja na kuomba penye uwanja wa mikutano. Mpaka amalize na kuondoka, hakimu mkuu, hata umwekee kisu shingoni, hawezi kutamka neno la kumwacha mtu huru. Mfalme akishatoka, siku hufunguka.

Kwa hiyo hakimu alikuwa pale, amekaa kwenye kiti chake cha pembe za ndovu, anapiga miayo. Pembeni yake alisimama askari mwenye fimbo. Kutoka alipokuwa Venusta mpaka kwenye fimbo ile palikuwa na hatua ishirini.

"Leo Mfalme wetu kaamka na goti bovu," alisema kinyozi mmoja. "Tazama anavyozunguka madhabahu. Kobe angekwisha rudi nyumbani."

"Usimchekeshe," mwingine akaonya. "Akikosea neno anaanza upya. Mwaka juzi panya alilia katikati ya maombi, tukakaa hapa hadi njaa ikatuuma."

Venusta akaukaza mkono wa mama yake.

"Mama, yameanza."

"Yabane."

"Haya yanabanwa?"

"Yabane, mwanangu. Mfalme amekaribia kumaliza."

Venusta akaingiza pindo la shuka lake mdomoni, akauma. Hakutoa hata mguno. Tuskenio, aliyekuwa mbele yao, aligeuka mara moja, akaona, akarudisha uso kwenye madhabahu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Labda naye alikuwa anaomba. Alikuwa akimwombea nani, hilo Nebris hakulijua.

Kule mbele, Mfalme alikuwa amejifunika kichwa. Mpiga zumari alipuliza bila kupumzika, ili sauti mbaya isiyafikie masikio ya miungu.

"Amefika kwenye maini ya kondoo," Petale akanong'ona. "Bado kidogo tu, shoga."

Zumari likashuka. Mpigaji akavuta pumzi kwa ajili ya sala ya mwisho, na uwanja mzima ukanyamaza. Hapo ndipo chupa ilipompasukia Venusta, maji yakatiririka juu ya mawe. Bado hakulia, ameng'ang'ania lile pindo kwa meno.

Aliyelia alikuwa Nebris.

"Juno Lusina! Mama wa wanaojifungua, mshikilie!"

Ilikuwa sauti ya mchuuzi, sauti iliyofunzwa miaka sita kupita juu ya kelele za Roma yote. Katika ukimya ule ilikwenda mpaka kwenye madhabahu.

Mfalme akanyamaza, mikono bado iko juu. Msaidizi wake akageukia watu.

"Limeingia jina la mungu mwingine. Maombi yameharibika. Leteni kondoo mwingine."

Watu wakaguna. "Nani huyo mwehu?" kinyozi akafoka. Petale akatazama viatu vyake. Tuskenio akafumba macho.

Nebris alizikata zile hatua ishirini mbio, akaanguka mbele ya hakimu.

"Bwana, yuko pale. Mguse tu. Neno moja!"

Hakimu alikuwa kijana bado, wala hakuwa mtu mbaya. Aliinama ili asisikike na watu.

"Mama, nikilisema kwa kusahau, naweza kulilipia kwa kafara. Nikilisema nikijua, hakuna kafara litakalonisafisha, wala kuusafisha mji huu. Nenda kwa binti yako."

Wanawake walimzalisha Venusta nyuma ya meza ya samaki, wameinua mashuka yao kama pazia. Jua lilikuwa limepita paa la hekalu la Kasto mtoto alipolia. Alikuwa wa kiume. Nebris alikuwa bado hajanawa damu mikononi walipopiga kelele kule mbele: "Mfalme katoka! Mahakama wazi!"

Tuskenio akaja, akasimama mbali kidogo na pazia.

"Ahadi yako bado ninayo, Nebris. Mleteni."

Wakamshika Venusta huku na huku. Nebris akafuata na mtoto kifuani. Mbele ya hakimu, Tuskenio aliweka mkono juu ya bega la mjakazi wake, akasema kwamba anataka mwanamke huyu awe huru. Askari akainua fimbo.

"Ngoja, bwana," Venusta akasema. "Mtoto anakwenda Brundisio lini?"

Tuskenio akakohoa. "Siku ya tisa akishapewa jina, gari litaondoka."

"Nani atamnyonyesha?"

"Binti yangu atatafuta mtu."

"Mimi nikiwa huru, atanipokea nyumbani kwake?"

"Kwa nini akupokee? Utakuwa si wake."

"Na nikibaki mjakazi wako?"

Mzee akamtazama mtoto. "Nitakuwa na haki ya kukutoa kwa binti yangu pamoja na mtoto."

"Kichaa cha uzazi hicho!" mtu mmoja akacheka kule nyuma. Hakuna aliyemuunga mkono.

"Venusta." Sauti ya Nebris haikupita hata watu wawili. "Kosa ni langu, mwanangu. Usijifunge wewe."

"Mama, ulipoachwa huru nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa unakuja kila jioni pale mlangoni, unanipa dengu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Brundisio nitafikaje mlangoni kila jioni?"

Nebris akamfunika mtoto kwa pindo la shuka lake.

"Nimguse au nisimguse?" hakimu akauliza taratibu. "Watu wanasubiri."

Venusta akatikisa kichwa. Askari akashusha fimbo, na hakimu akaita shauri lililofuata, la majirani wawili na ukuta wao. Petale akamchukua mtoto mikononi mwa bibi yake, akampa mama akamnyonyeshe.

"Bwana," Nebris akamuuliza Tuskenio, "mpaka Brundisio ni siku ngapi?"

"Kwa gari la nyumbu, kama kumi na tatu. Mvua ikinyesha, kumi na tano."

Nebris alijaribu kuzihesabu kwa vidole, vikamwishia njiani.