Tabano la Mgongo Mwepesi

Babu yake mzaa baba alikuwa mkaguzi wa mizani, na hakuna mfanyabiashara aliyethubutu kumvuta pembeni mara ya pili. Baba yake aliirithi kazi hiyo pamoja na sanduku la mawe ya kupimia, akastaafu na jina safi. Yeye mwenyewe, Mzee, aliitumikia mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu, mjukuu wake alimwomba awapimie matabano, yaani maneno ya uchawi.

Mjukuu huyo na wenzake wawili walikuwa wakitunga mchezo wa mezani. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajifanya shujaa au mchawi, kisha wakarusha dadu kuamua nani ameshinda. Matabano ya wachawi yaliandikwa kwenye kadi, na kila Jumamosi Mzee alizipima kadi hizo sebuleni kwake kwa mizani ya shaba. Tabano la moto lilikuwa na uzito wa tofali. La usingizi halikufika uzito wa kitunguu. Lililozidi kipimo alilipunguza neno baada ya neno, mpaka sahani zikalingana. Kanuni aliyowawekea ilikuwa moja: tabano halibadilishwi ila mbele ya mtungaji wake, kadi ikiwa juu ya mizani.

Yeye alitunga moja tu, akaliita Mgongo Mwepesi. Kadi ilisema kwamba mtu anayebebwa na ampendaye huwa mwepesi kama mto wa sufi mpaka jua litue. Wino ulipokauka, mkewe, ambaye miguu yake ilikuwa imegoma, akawa mwepesi hivyo. Tangu hapo, kila asubuhi Mzee alimweka mgongoni, mikononi akashika kiti, wakashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi uani, ambako bibi aliota jua na kupata habari zote za majirani kabla hazijapoa. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili aliwapisha kwa adabu, akamkumbusha Mzee amfunge bibi kitambaa siku za upepo.

"Mshike vizuri mke wangu," mjukuu alizoea kutania akiwakuta ngazini.

"Mkeo anakula kwangu," Mzee alijibu. "Leta posho kwanza."

Asubuhi moja, walipoipita ghorofa ya pili, bibi akawa mzito. Uzito wake wote ulirudi kwa mpigo. Mzee akajikuta ameketi kwenye ngazi, bibi nyuma yake, na kiti kikateremka peke yake hadi chini.

"Umenichoka?" bibi aliuliza.

"Si mimi."

Fundi cherehani alisaidia kuwarudisha juu. Alasiri mjukuu akaja na kadi za toleo jipya. Mzee hakumwambia aketi.

"Mmegusa kadi yangu."

"Babu, lilikuwa linaharibu mchezo. Watu wanabeba jeshi zima mgongoni, hata majitu hawayaogopi tena. Tumelipunguza kidogo tu. Duru moja ya mchezo, badala ya kutwa. Wino wa kadi mpya umekauka leo asubuhi."

"Nani alilipima?"

"Tulipiga kura. Siku ile uliyompeleka Bibi kliniki."

"Nilimpelekaje kliniki?"

Mjukuu akatazama viatu vyake. "Ulimbeba."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mmoja alikubali, mmoja alikataa. Ikabaki yangu."

Bibi akapaza sauti kutoka chumbani. "Mume wangu mdogo! Ndiyo talaka hiyo? Tena bila hata shahidi!"

Mjukuu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mzee akaiweka kadi mpya juu ya mizani. Sahani zikalingana sawasawa. Hakuwahi kusema uongo mbele ya mizani, na siku hiyo hakuanza.

"Imelingana," alisema.

"Basi umenielewa, Babu?"

"Sijakulaumu kwa uzito wake."

Kitabu cha toleo jipya kilikwisha kwenda kwa mchapaji. Mchezo ulipendwa, na wachezaji walisifu jinsi ulivyo wa haki. Duru moja, kwa hatua za Mzee, inatosha kutoka kitandani hadi dirishani. Bibi huwa mzito pale pale anapokifikia kiti. Majirani humpigia kelele za habari kutoka uani, naye hupata nusu yake. Mjukuu bado huleta kadi siku za Jumamosi. Mzee humpimia kwa uaminifu, humrudishia, humfungulia mlango. Ya mke na mume hawataniani tena.

Basi nyinyi vijana mnaotunga kanuni na kuzitengua, tegeni masikio. Kabla hamjapunguza nguvu ya jambo lolote, nendeni mkatazame nani yuko mgongoni. Na mkishamwona, msipige kura kana kwamba hamkumwona.