Mbwa wa Bernado

Wegesa alipoolewa mara ya pili, alitoka Kiriba kwenda Nyasura, pale Bunda, akiwa na kitanda, masufuria, cherehani na mbwa. Mseti, mume wake mpya, alivipokea vyote kwa moyo mweupe isipokuwa mbwa. Mbwa huyo aliitwa Jaribu, na jina hilo alipewa na Bernado, mume wa kwanza wa Wegesa, mvuvi aliyezama ziwani na mwili wake usionekane tena.

Mseti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika, wakulima wa pamba walimwamini, na hata wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani yao, wengi waliendelea kumwomba aje asimame pembeni aangalie. Kasoro yake ilikuwa wivu. Angekuwa na wivu wa mwanamume anayepita njiani, angemkabili wakaelewana au wakapigana. Huyu wake alikuwa marehemu asiye hata na kaburi, naye kila asubuhi Mseti alimwona amelala mlangoni kwa sura ya mbwa.

Jaribu alikuwa amezeeka. Viungo vya miguu ya nyuma vilikuwa vimevimba na kukakamaa, na asubuhi za mvua aliinuka kwa mafungu: kwanza miguu ya mbele, kisha anapumzika, kisha anaivuta ile ya nyuma. Jioni Wegesa alipasha moto mafuta ya nyonyo, akakaa chini na kumkanda mapaja taratibu, huku akimsemesha kwa Kijita. Mseti, Mzanaki wa Butiama, aliyaelewa maneno mawili matatu tu. Alikaa kwenye kigoda na binti yao Gati mapajani, akiviangalia vidole vya mkewe vikizunguka kwenye nyonga za yule mbwa. Siku moja akauliza amejifunza wapi kukanda namna ile.

“Kwa akina Bernado,” Wegesa akajibu bila kuinua macho. “Walikuwaga wanakanda hivi.”

Mseti hakuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo, harufu ya mafuta ya nyonyo ikamwingia kama harufu ya mtu.

Ndipo akaamua kumpata yule mbwa. Aliona kwamba Jaribu akimfuata yeye, basi Bernado atakuwa ametoka nyumbani kwake. Akaanza kununua dagaa sokoni, akawatia mfukoni mwa koti, na jioni akitoka kazini anapitia nyuma ya stoo ya pale nyumbani na kupiga mluzi mdogo. Jaribu, mbwa wa ziwani, aliisikia harufu ile akaja akichechemea. Alikula wote, akalamba kiganja, kisha akageuka na kurudi kulala miguuni kwa Wegesa bila hata kutazama nyuma. Mseti akaongeza dagaa.

Haukupita muda mrefu, Jaribu akaanza kujikuna. Alianza na masikio, yakafuata makwapa na tumbo, na nyayo akawa anazitafuna mpaka zinatoa damu. Manyoya yalinyonyoka, ngozi ikawa nyekundu na kunuka. Mateso makubwa yalikuwa kwamba ili ajikune ilimbidi asimame kwa miguu mitatu, na miguu yenyewe haikuwa na nguvu. Alikuwa anainua mmoja, anaanguka, analia, anainuka, anaanguka tena. Hakulala, na kwa kutolala viungo vilizidi kukakamaa.

Wegesa akampandisha mbwa kwenye pikapu ya marobota ya pamba, akaenda naye Musoma. Bwana mifugo wa Bunda alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, josho la ng'ombe lilikuwa kavu, lakini watu walisema kule Musoma, mtaa wa Mukendo, kuna daktari wa mifugo, Kasmiri, aliyeacha serikali na kufungua duka lake la dawa. Aliporudi, muda wote wa chakula cha jioni alimsimulia Mseti yale aliyoambiwa.

Daktari alikagua viroboto, hakukuta. Akasema haya ni magonjwa mawili yanayochocheana. Moja ni la viungo, la uzee, halitapona ila linaweza kupunguzwa makali: asinenepe, alale pakavu, atembezwe kidogo kidogo, na kukandwa kuendelee. La pili ni mzio. Mwili unakikataa kitu fulani na kukipiga vita kama vile ni adui, na kwa mbwa vita hiyo hutokea kwenye ngozi. Mara nyingi kitu chenyewe ni chakula, tena alichokizoea miaka yote. Alimchoma sindano moja ya kutuliza muwasho, akaonya kwamba sindano hiyo haifai kurudiwarudiwa, na asipewe vidonge vya maumivu wakati inafanya kazi, kwani viwili hivyo vikikutana hutoboa tumbo. Vidonge vya watu ndiyo asipewe kabisa. Dawa yenyewe ilikuwa subira: wiki nyingi za ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi, chakula alichokuwa hajazoea, na kingine chochote kisipite mdomoni.

“Kingine chochote,” Wegesa akarudia.

Mseti alitikisa kichwa kukubali. Alichokisikia zaidi ni kwamba kukandwa kuendelee.

Wegesa akawa anachemsha vichwa vya mbuzi kutoka machinjioni, anachambua nyama na kuikandia ugali. Sindano ilipoisha nguvu, muwasho ukarudi vilevile. Akaenda tena Mukendo. Daktari akamuuliza kama kuna mtu anampa mbwa kitu pembeni, naye akamwapia kwamba nyumbani kwake hakuna mtu wa namna hiyo. Alipomweleza Mseti jibu hilo kwa fahari, Mseti aliinamia sahani yake. Alijiambia kwamba dagaa wachache hawawezi kumdhuru mbwa aliyekua ufukweni. Alijiambia hivyo kwa sababu Jaribu alikuwa ameanza kumsubiri nyuma ya stoo kabla ya mluzi, na hakutaka kuachia hapo.

Kisha mama yake akaugua, Mseti akaenda Butiama. Alimuuguza, akamlimia shamba lake, akakaa huko mpaka mtama ukafika magotini. Aliporudi Nyasura, kitu cha kwanza alichokiona ni Jaribu akija mlangoni kwa miguu minne, ngozi imefunikwa na manyoya mapya. Alichechemea bado, lakini hakuwa anaanguka. Wegesa alikuwa anang'aa kwa furaha.

“Nimemkanda asubuhi na jioni,” akasema. “Ile dawa ya akina Bernado imeshinda hata sindano ya daktari.”

Majirani walikuja kumtazama mbwa, na kila aliyekuja alihadithiwa hivyohivyo. Kwa juma zima Mseti alisikia jina la Bernado likisifiwa kwenye uwanja wake mwenyewe. Moyoni alikuwa ameshaanza kujua ni nini hasa kilichomponya Jaribu. Lakini alitaka kuhakikisha. Na tusimpunguzie kosa: alitaka pia mafuta yale yashindwe. Akaenda sokoni, akarudi na dagaa, akapiga mluzi.

Siku chache baadaye Wegesa alimkuta Jaribu ameanguka karibu na jiko, anatafuna unyayo. Akaketi pale chini, mafuta mkononi, akalia kimyakimya. Gati naye alipomwona mama yake analia, akaanza kulia.

Mseti akasimama mbele yao. “Mafuta hayana kosa, Mama Gati. Wala hayakumponya. Ni dagaa. Mimi nimekuwa nampa.”

Wegesa alimtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine. “Tangu lini?”

“Tangu kabla hajaanza kujikuna. Nilipokuwa Butiama hakuwapata, akapona. Juzi nimempa tena.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka awe wangu. Nilichoka kuishi na mbwa wa Bernado.”

Wegesa aliweka chupa ya mafuta chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa kavu.

“Bernado hakuwahi kumgusa huyu mbwa, ila kwa teke. Aliyekuwa anakanda ni mama mkwe wangu. Huyo ndiye pekee aliyenipenda kwenye ule mji. Bernado alipozama nilikaa ufukweni, watu wakakaa nami, wakachoka, wakarudi kwao. Aliyebaki ni huyu. Tulikuwa tunalala naye kwenye mchanga, hatuli wote wawili. Mimi namkanda kwa ajili yangu, Baba Gati. Hujawahi kuniuliza.”

Mseti aliona aibu iliyomfanya ashindwe kuinua macho. Chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha ndogo, kwamba Bernado alikuwa mtu wa mateke, na furaha hiyo nayo ikamwaibisha.

Wegesa hakumsemesha kwa siku kadhaa, zaidi ya salamu na mambo ya mtoto. Kisha asubuhi moja akamkabidhi kichwa cha mbuzi na kisu, akamwambia kuanzia leo chakula cha mbwa ni kazi yake. Mseti akakipika. Wakaanza upya wiki zile za subira, safari hii bila udanganyifu, na ngozi ya Jaribu ikafunga. Mseti mwenyewe ndiye aliyempeleka Mukendo, akamweleza daktari Kasmiri habari za dagaa mbele ya wateja wengine, na akarudi na vidonge vya viungo vya kumpa siku za baridi tu, baada ya chakula.

Jaribu aliishi misimu miwili mingine ya pamba. Hakuwahi kumpenda Mseti. Alikula alichopikiwa, akaenda kulala anakotaka, na Mseti akaosha sufuria.