Msimu Bila Mashua

Majira ya baridi yale Harlan Ostby alivua mito kumi na miwili, na hakuna hata mmoja aliouingia kwa mashua.

Watu wa mji wake wa Forks waliliona hilo wakanyamaza. Harlan alikuwa mtu wa makasia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwapeleka wageni mtoni kuvua stilihedi, yule trauti anayeuacha mto angali mdogo, akaenda kunenepea baharini, kisha akarudi katikati ya baridi akiwa na urefu wa mkono wa mtu mzima na nguvu za kumvunjia mtu heshima mbele ya wenzake. Sasa mashua yake ililala kifudifudi nyuma ya nyumba, imefunikwa na majani makavu ya misonobari, na mwenyewe alitembea ukingoni kwa miguu kama mtu aliyeanza kuvua juzi.

Alianza Bogachiel mwishoni mwa Novemba. Desemba akaenda Calawah, Sol Duc na Hoh. Kabla ya Krismasi alikuwa ameondoka nyumbani, akateremka kusini kufuata mito mmoja baada ya mwingine: Humptulips, Wynoochee, Satsop, kisha akavuka kuingia jimbo la Oregon, akavua Wilson, Nestucca, Siletz, Alsea na Siuslaw. Alilala kwenye pikapu. Akiamka alikuwa akikwangua barafu kiooni kwa kadi ya maktaba, akaingia majini mpaka kiunoni, akasimama humo hadi asiijue tena miguu yake iko wapi.

Samaki walikuwepo. Hilo ndilo lililomshangaza, kama kulikuwa na kitu cha kumshangaza siku zile. Hakuwahi kubahatika hivyo tangu azaliwe. Pale Wilson alimshika dume la ratili kumi na sita, mbavu nyekundu kama zimepakwa rangi, likamvuta mita mia moja juu ya mawe. Alipolifikisha miguuni, akapiga goti, akaitoa ndoana bila kulitoa majini, akalishika mkiani mpaka likapata nguvu likaenda zake. Zamani angepiga ukelele. Sasa ilikuwa kama kushikana mkono na mtu usiyemjua kwenye msiba: unashika, unaachia, anakuja mwingine.

Mkewe, Marlys, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili.

"Umeshika?"

"Watatu."

"Wakubwa?"

"Wa kadiri."

"Harlan, ningekuwa nazungumza na redio ningepata habari zaidi."

"Mvua inanyesha," Harlan alisema, akijaribu kumpa habari.

Mto mmoja tu aliukwepa. Akiwa anarudi kaskazini mwanzoni mwa Februari alipita daraja la Queets bila kupunguza mwendo wala kugeuza shingo.

Mwaka uliotangulia, Februari kama hiyo, alikuwa ameingia Queets na ndugu wawili kutoka Yakima, wakulima wa matufaha. Mkubwa, Emmett Kessler, alikuwa mvuvi hasa, mtu wa kukaa kimya akiangalia mshipi. Mdogo, Virgil, alikuja kumfuata kaka yake tu, kutwa nzima akilalamikia baridi na kufanya mzaha. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ukapanda, ukasogeza gogo la msonobari likalala nusu ya mto mahali ambapo juzi yake palikuwa peupe. Mashua ilipokata kona, gogo likawa mbele yao. Harlan alipiga kelele, "Kaeni chini!" Mashua ikaenda upande, ikaligonga, ikapinduka. Harlan alimpata Virgil kwa ukosi wa koti. Emmett maji yalimvuta chini ya gogo, na alipatikana siku ya tatu, maili mbili chini.

Polisi walipouliza, Harlan alijibu sentensi moja: "Kosa ni langu, nilichelewa kuliona gogo." Wakaandika. Hakushtakiwa. Mto ni mto, walisema. Mazishini hakwenda, maana mjane wa Emmett, Lucille, alikuwa ametuma neno kwamba asije.

Kwa hiyo Jumanne moja ya Februari, mvua ikiwa imefanya mito yote kuwa tope na Harlan yuko nyumbani akipaka mafuta gurudumu la mshipi, mlango ulipogongwa na Marlys akaufungua, hakuna aliyekuwa tayari. Alisimama Virgil Kessler, amekonda, amekumbatia kasha la matufaha.

"Nimewaletea haya," alisema. "Ya ghalani. Yamekaa vizuri."

"Ingia, utalowa," Marlys alisema. "Harlan! Una mgeni."

Harlan alikuja, akamwona, akasimama na kitambaa cha mafuta mkononi. Virgil ndiye aliyeanza.

"Bwana Ostby, sikuja kukugombeza."

"Ungekuwa na haki."

"Nataka unipeleke pale. Nataka kuliona lile gogo."

"Mto umejaa."

"Sisemi tuingie. Sisemi kwa mashua. Ukingoni tu."

Harlan alimtazama mkewe kama mtu anayetafuta udhuru. Marlys alikuwa ameshachukua kasha, anaelekea jikoni. "Viatu vyako vimekauka," alisema bila kugeuka. "Viko karibu na jiko."

Walikwenda kwa pikapu ya Harlan, saa nzima na zaidi, mvua ikipiga kioo. Virgil, yule mtu wa mzaha, hakusema zaidi ya kuuliza kama vifaa vya joto vya gari vinafanya kazi. Waliacha gari mwisho wa barabara, wakatembea katikati ya makangaga yaliyowafika kiunoni, chini ya miti minene iliyovaa manyoya ya kijani tangu shina hadi tawi la mwisho. Harlan alitangulia. Alikuwa akijiuliza kifua chake kitafanya nini akiliona gogo. Alikisikiliza, kama mtu anavyosikiliza chumba cha jirani. Kimya.

Walipotokea ukingoni, gogo halikuwepo.

Wala kona haikuwepo. Mafuriko ya Novemba yalikuwa yameula ukingo wa pili, mto ukajichimbia njia mpya upande wa kusini, na pale ambapo mashua ilipinduka palikuwa na uwanja wa changarawe na vichaka viwili vichanga vikitikiswa na upepo. Harlan alitembea juu yake akigeukageuka, akipima kwa macho.

"Ni hapa," alisema hatimaye. "Umesimama juu yake. Maji yalikuwa yanakupita kichwa."

Virgil alitazama mawe miguuni mwake. "Mwaka mzima nimeliota gogo lile. Nimeendesha saa sita."

"Mto huu hauweki kitu."

Virgil akachuchumaa, akaokota jiwe, akalitupa, akaokota lingine. Kisha akasema akiwa bado amechuchumaa, "Niliinuka. Unajua? Ulisema tukae, mimi nikainuka. Niliogopa. Nilishika ukingo wa mashua, upande wa chini, nikahisi mashua yote inanifuata."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona."

Virgil alisimama taratibu. "Uliniona. Na polisi ukawaambia nini?"

"Uliwasikia wakisoma."

"Uliwaambia kosa ni lako! Mimi nimekaa pale, nimefunikwa blanketi, nakusikia. Nikasema moyoni, haya, huenda hakuona. Nikanyamaza. Mwaka mzima nimenyamaza, bwana!"

"Ulikuwa unatetemeka. Mama yenu yuko kwenye simu analia. Ningesema nini? Kwamba wewe ndiye uliyemuua kaka yako?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!" Virgil alipiga kelele, na sauti yake haikuvuka hata nusu ya mto. "Ulidhani unanisitiri? Lucille anakuja kula kwangu kila Jumapili. Kila Jumapili anakulaani wewe, mbele yangu, na mimi natafuna nyama. Natafuna! Mke wangu ananiambia nimtie moyo shemeji yangu, namtia moyo. Hukunisitiri, Harlan. Ulinifungia humo ndani ukaondoka na ufunguo."

Harlan alijua kwamba mtu mwingine hapa angeona haya, au hasira. Yeye aliona mvua ikidondoka kutoka kwenye ncha ya pua ya Virgil, akafikiri kwamba angempa kitambaa. Lakini kinywa chake kikafunguka chenyewe, kikasema jambo ambalo hakuwa amelisema hata kitandani kwa mkewe.

"Gogo nililiona mapema."

"Unasema?"

"Sikuchelewa kuliona. Niliwadanganya. Nililiona tangu juu, kabla ya kona, ncha yake. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta makasia tupite kulia, kwenye maji mepesi. Lakini upande wa kushoto, kabla ya gogo, palikuwa na shimo zuri. Samaki hulala pale. Kaka yako alikuwa na mshipi tayari. Nikasema, nimpitishe mara moja tu juu ya shimo lile, halafu nivute. Nimefanya hivyo mara elfu." Akasukuma changarawe kwa kiatu. "Uliinuka, kweli. Lakini ulipoinuka tulikuwa tumeshachelewa. Au bado. Sijui. Nimepiga hesabu hiyo mpaka imekwisha maana."

Virgil alilidondosha jiwe lililobaki mkononi. Hakumpiga, ingawa Harlan alikuwa amesimama kama mtu anayengoja kupigwa, mikono imening'inia.

"Kwa hiyo tulisaidiana," Virgil alisema.

"Tulisaidiana."

"Lucille lazima aambiwe. Yote mawili."

"Nitamwandikia."

"Acha upuuzi. Utakuja."

Kesho yake walifuatana, gari nyuma ya gari, kuvuka milima. Yakima ilikuwa na jua kali na baridi kavu, miti ya matufaha mitupu kwa safu. Lucille Kessler alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi zilizokatwa karibu, na alipomwona Harlan mlangoni nyuma ya shemeji yake, hakutoa salamu. Alirudi mezani akakaa, akawaacha waamue kama wataingia.

Virgil alisema yake, akalia katikati, akaanza upya. Harlan alisema yake bila kulia, macho makavu, sauti ileile aliyokuwa akiitumia kueleza hali ya maji. Alijichukia kwa sauti hiyo lakini hakuwa na nyingine. Walipomaliza, jokofu lilikuwa likinguruma.

"Siku ile," Lucille alisema, akimwangalia Harlan, si Virgil, "alishika samaki?"

Harlan hakulitarajia swali hilo. "Alishika. Mmoja, asubuhi."

"Hakuna aliyeniambia."

"Jike. Ratili kumi hivi. Jeupe kabisa, limetoka baharini siku mbili tatu. Liliruka juu mara nne. Mara ya nne lilirukia karibu na mashua likamlowesha uso."

"Akafanya nini?"

"Akacheka. Akalitoa ndoana mwenyewe. Mimi nilitaka kumsaidia, akasema, 'Niachie, huyu ni wangu.' Akaliachia likaondoka, akaendelea kukaa na mkono ndani ya maji. Nikamwambia mkono utaganda. Akasema, 'Ngoja kidogo.'"

Lucille alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Ngoja kidogo," alisema. "Miaka thelathini na tisa nimelisikia neno hilo." Kisha, akikilaza kitambaa mezani: "Virgil, Jumapili sitakuja kwako, na wewe usije kwangu. Nitakuambia siku nikiweza. Na wewe, bwana, nakushukuru kwa habari ya samaki. Lakini sitaki kukuona tena."

"Ndiyo, mama," Harlan alisema, ingawa walikuwa wa rika moja.

Nje, Virgil alimpa mkono. Walishikana muda mrefu kuliko walivyokusudia, kisha Harlan akapanda pikapu akaondoka.

Juu milimani theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na magari yalikuwa yamesimamishwa msururu mmoja hadi njia isafishwe. Harlan alizima redio. Hapo ndipo mwili wake ulipoanza kutetemeka, kuanzia magotini. Hakuwa analia, wala hakuwa na baridi; vifaa vya joto vilikuwa vinafanya kazi. Alishika usukani kwa mikono yote miwili na usukani nao ukatetemeka. Ilipita robo saa, pengine zaidi. Mwanamke kijana aliyevaa koti la rangi ya machungwa, dereva wa gari la kusukuma theluji, aligonga kioo.

"Mzee, uko salama?"

Harlan aliteremsha kioo. "Sijui."

"Unaumwa kifua? Mkono wa kushoto?"

"Hapana. Nimetoka kumwona mtu."

Dereva yule alimtazama, akatazama kiti cha pili ambapo tufaha moja la kasha la Virgil lilikuwa limeviringika hadi mlangoni. "Mafuta unayo?"

"Ninayo."

"Basi usizime gari. Nafungua njia sasa hivi, nawe utakuwa wa kwanza nyuma yangu. Usinipite. Nikienda polepole, nenda polepole. Umenisikia, mzee?"

"Nimekusikia."

"Rudia."

"Nisikupite," Harlan alisema, meno yake yakigongana. "Ukienda polepole, niende polepole."

"Haya," yule binti alisema, akapiga bati la mlango mara mbili kwa kiganja, akarudi kwenye gari lake kubwa. Taa za manjano zikaanza kuzunguka. Harlan akaingiza gia, akamfuata.