Bei ya Ukuta wa Kaskazini

Nyumba ya plasta hapa Kilifi huchafuka upande wa kusi. Mvua na chumvi hutokea huko, kuvu hushika, na baada ya miaka michache ukuta uliokuwa mweupe hugeuka kama sufuria ya kuni. Upande wa kaskazini hukaa mkavu, na katikati ya mwaka jua huuegemea kutwa. Kwa hiyo nilipofika kwa Nicholas, nyuma ya hospitali, kwenda kutaja bei ya kumwoshea nyumba yake ya ghorofa, nilisimama uani nikashangaa. Kusini palikuwa peusi, sawa. Lakini kaskazini nako, chini ya dirisha la choo cha juu, palikuwa na doa pana, jeusi katikati, la kahawia pembeni, linalong'aa kwa unyevu. Nzi walitulia juu yake kama wako kwao.

Mimi sitaji bei nikiwa langoni. Wapo wanaoitazama nyumba kwa mbali, wakasema kiasi, kisha kazi ikiwashinda wakaongeza. Huo ni uhuni. Mimi hupima kila uso wa nyumba kwa futi, husugua kiganja ukutani, halafu hukinusa. Kuvu hunuka udongo ulionyeshewa. Moshi hunuka moshi. Chumvi hainuki, ila huacha unga mkononi. Nikishaujua uchafu ndipo najua jiki kiasi gani, maji kiasi gani, na kama plasta itastahimili mashine ya presha au yataka brashi tu. Hesabu hiyo nilifundishwa na kuta zenyewe. Kuiandika vizuri nilifundishwa na shule ya jioni.

Nikasugua kiganja kwenye lile doa.

"Mzee Njenga!" Pola, mama wa Vitengeni anayeitunza nyumba ile, alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharagwe. "Huo ukuta wataka kuuoa? Mbona waunusa hivyo?"

Nilikuwa nimeshakileta kiganja puani. Ulikuwa uchafu wa choo. Uchafu wa watu, wa siku nyingi, uliopikwa na jua ndani ya plasta. Nilikwenda bombani nikanawa kwa sabuni. Nikanusa. Nikanawa kwa jiki yangu mwenyewe mpaka ngozi ikaniwasha, na bado harufu ilikuwa imejificha kwenye mistari ya kiganja.

"Nawa tu, mzee," Pola akasema, mzaha umemwisha. "Chumba cha ndani ya ukuta huo hata paka haingii. Mpangaji wa mwisho alihama bila kuaga."

Nicholas akatoka ndani, ametanguliwa na manukato yake. Alikuwa amejipulizia mengi mno, na sasa najua kwa nini.

"Mzee wangu, shikamoo. Bei?"

Nikamtajia bei ya pande tatu, mmoja mmoja, na sababu ya kila bei.

"Na huu?"

"Huu sina bei yake. Bomba la choo cha juu limepasuka ndani ya ukuta. Mwite fundi wa bomba."

"Alishakuja. Ataka kubomoa mpaka juu." Akashusha sauti. "Mzee, mimi nauza nyumba, siijengi. Mnunuzi yuaja kesho alasiri na wakili, atie sahihi. Osha hapa. Nitakupa mara mbili. Mara tatu, sema wewe."

"Nikiosha leo, keshokutwa litarudi."

"Keshokutwa si nyumba yangu."

Akacheka, akinigusa bega kana kwamba tumeshirikiana kuiba kuku. Nikasogea nyuma.

"Nani anayenunua?"

"Sista mmoja wa hospitali, amestaafu juzi. Mueni. Kiinua mgongo chake chote kinaingia hapa." Akaupapasa mfuko wa shati, kana kwamba kimeshaingia.

Sista Mueni ndiye aliyemuuguza mke wangu, Nyokabi, mpaka siku yake ya mwisho. Alimwosha, akamgeuza, akamsafisha vidonda ambavyo watoto wetu wenyewe walishindwa kuvitazama. Kanisani kila mtu ajua mpango wake: anataka nyumba karibu na hospitali, kina mama wanaotoka Ganze na kwingine mbali wawe wanakuja kungojea siku zao hapo, wasijifungulie njiani. Nikakitazama kile chumba cha ukuta unaovuja uchafu. Ndicho kikubwa kuliko vyote. Hapo ndipo wangelazwa wazazi na vichanga vyao.

Sasa, kazi yetu ina mwiko. Mtu anayeosha nyumba za watu huona mengi: nyufa zilizozibwa kwa matope, vyoo vinavyomwaga mtaroni. Aibu ya ukuta wa mtu haitolewi nje. Fundi akianza kupita mtaani akieleza alichokiona, hakuna atakayemfungulia lango tena, yeye wala mafundi aliowafundisha. Lakini mwiko huo una mlango mmoja. Yeyote akikuuliza bei ya ukuta, lazima umjibu, na umjibu kwa sababu zake. Bei isiyo na sababu ni bei ya mwizi.

Nikamwambia Nicholas nitaosha pande tatu. Wa nne siugusi.

"Basi Pola ataupaka rangi."

"Rangi haishiki ukuta unaovuja."

"Itashika mpaka mama yule atie sahihi. Mimi sihitaji zaidi."

Kesho yake nilifika alfajiri. Upande wa kusi niliuosha kwa jiki na brashi, kisha nikausuuza kwa mashine iliyopunguzwa nguvu, na weusi ukateremka kama wino mpaka plasta ikafunguka, nyeupe. Kwa kawaida saa ile hunipa furaha. Siku ile kila nilipoona weupe unatokea nilijiona nampamba maiti aliyekwisha kuoza, ili auzwe kama mgonjwa aliyepata nafuu. Upande wa pili Pola alikuwa amefunga kitambaa puani, akipaka rangi ya maji juu ya doa. Aliwafukuza nzi kwa brashi, na mmoja akanasa ndani ya rangi akiwa hai, miguu ikicheza.

"Mpake naye," Nicholas akamwambia.

Akampaka.

"Mzee," Pola akaniita kwa sauti ndogo Nicholas alipoondoka, "mimi kwetu wanakula kwa kazi hii. Lakini leo nahisi nimeupaka uso wangu mwenyewe uchafu."

"Usiseme hivyo, mama. Weka tu rangi nyembamba."

"Hee! Aliyoinunua ni nzito kama uji."

Nilimaliza mapema. Ningeweza kwenda nyumbani. Badala yake nilikaa uani nikiukunja mpira wa maji polepole, nikaukunjua, nikaukunja tena. Nilikuwa nimeshaamua. Mueni akiuliza bei, nitajibu. Asipouliza, nitasema hivyo hivyo bila kuulizwa, na kazi niliyoijenga miaka yote ife siku hiyo.

Mueni aliingia na wakili, kijana wa suti aliyekuwa akitafuta mahali pakavu pa kuweka viatu. Aliniona akafurahi.

"Mzee Njenga! Kumbe ni wewe uliyeing'arisha hivi?"

"Pande tatu, Sista."

Nicholas akakohoa, akamshika mkono kumwongoza kwenye kivuli, lakini Mueni ni mtu wa wodi. Humuuzii kitu bila yeye kukizunguka. Akazunguka kusini, akasifu. Akazunguka mashariki. Akafika kaskazini, ambako jua lilikuwa limeukaanga ukuta tangu asubuhi, na rangi ile nzito ilikuwa imetutumka. Malengelenge yalikuwa yamejaa kuanzia dirishani mpaka chini, mengine kama kunde, mengine kama embe, laini, yenye maji ndani. Yalikuwa yakitikisika kidogo kwa upepo.

"Ni rangi mpya," Nicholas akasema upesi. "Haijakauka vizuri. Usiguse, Sista, utajichafua."

Mueni alilitazama lile kubwa kama anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi popote. Akaweka mkoba chini. Akalikandamiza kwa kidole gumba.

Likapasuka. Maji ya kahawia, mazito, yakamtiririka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye saa yake, na kijipande cheusi kikabaki kimeganda kwenye kamba ya saa. Harufu ikatoka yote kwa pamoja. Wakili aligeuka akatapikia kwenye maua ya Nicholas.

Mueni hakutapika. Aliunusa mkono wake, kisha akanigeukia.

"Mzee Njenga, kuuosha ukuta huu ni bei gani?"

"Mzee, angalia mdomo wako," Nicholas akasema. "Mimi nimekulipa."

"Ameniuliza bei," nikamjibu. Kisha nikasimama wima kama nawasomea watu kanisani. "Sista, huu hauna bei ya kuosha. Bomba la choo cha juu limepasuka ndani. Bei yake ni kuvunja ukuta mpaka ghorofani, kubadilisha bomba, kutoa plasta yote iliyolowa na kuitupa mbali. Nilimwambia mwenyewe jana hivyo hivyo."

"Wewe mzee mnafiki! Hutapata ukuta Kilifi hii!"

"Nicholas," Mueni akasema, bila kupandisha sauti, "ulitaka nilaze vichanga humo?"

Nicholas alianza kueleza habari za fundi bomba, mvua, wapangaji wachafu. Hakuna aliyemsikiliza. Pola alikuwa ameshaleta sabuni na beseni. Nikachukua chupa yangu ya jiki, nikamimina kidogo, nikamshikia Mueni maji kama alivyokuwa akimshikia Nyokabi. Akasugua mpaka kwenye kiwiko. Akainua kiganja puani, akakunja uso.

"Haitoki."

"Hapa haitatoka," nikamwambia. "Chukua mkoba wako, ukamalizie kunawa kwangu."

Akaivua saa akaiacha ndani ya beseni. Wakili alikuwa ameshatangulia langoni.